Mwenda wa Bayeke, fundi wa gitaa kavu kutoka Bunkeya

Mwaka 1952, Mwingereza Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine yake ya kurekodi muziki wa wenyeji, alifika Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi. Huko alikutana na kijana mwenye gitaa la mbao mkononi. Kijana huyo alikuwa Mwenda Jean-Bosco, mzaliwa wa Bunkeya mwaka 1930, mtoto wa Wayeke.

Hakuwa na bendi wala chombo cha umeme. Alipiga kwa vidole viwili tu: kidole gumba kwenye nyuzi nene, na kidole cha shahada kwenye nyuzi nyembamba. Lakini anayemsikia kwa mara ya kwanza hudhani kuna watu wawili. Juu ya hapo aliimba, tena kwa Kiswahili cha Katanga, kile cha mitaani na kwenye migodi.

Wimbo wa Masanga ndio uliobeba jina lake. Sahani za kampuni ya Gallotone ziliupeleka mpaka Kenya na Afrika ya Kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda mwenyewe alikaa Nairobi kwa muda, ambako mwenzake Edouard Masengo alikuwa akipiga gitaa kutangaza dawa ya Aspro. Wapigaji wengi wa Kenya waliiga vidole vya hawa Wakatanga wawili.

Nyumbani, mambo yalikuwa yanageuka. Magitaa ya umeme ya Léopoldville yalijaza baa na redio, na gitaa kavu likaonekana kitu cha zamani. Ajabu ni kwamba wageni ndio waliozidi kumtafuta. Mtaalamu David Rycroft aliandika upigaji wake noti kwa noti, na mwaka 1969 Mwenda alipanda jukwaani Newport, Marekani. Mwaka 1982 alizunguka Ulaya.

Sahani zile za kale zilikuwa nyepesi kuvunjika, kila upande ukibeba dakika tatu hivi. Rekodi za Tracey zimehifadhiwa Afrika ya Kusini, mbali sana na Bunkeya, na hilo linauma kidogo: kijana wa Likasi anayetaka kujifunza mkono wa Mwenda anategemea ghala la nchi nyingine.

Mwenda alikufa katika ajali ya gari nchini Zambia, Septemba 1990. Alikuwa na miaka 60.