Edward Coode Hore

Edward Coode Hore (1848 – 1912) alikuwa baharia na mmisionari kutoka Uingereza aliyefanya kazi kwenye Ziwa Tanganyika kati ya miaka 1878 na 1888. Anakumbukwa kwa kupima na kuchora pwani za ziwa hilo akitumia chombo kidogo cha matanga, na kwa mchango wake katika kuleta Good News, meli ya kwanza ya mvuke kwenye Ziwa Tanganyika.

Njia ya misafara

Hore alikuwa na ujuzi wa unahodha kabla ya kujiunga na Shirika la Misioni la London. Mwaka 1877 alikuwa mmoja wa kundi la kwanza la shirika hilo lililotumwa Ujiji. Kundi lilianza safari Saadani likiwa na magari ya kukokotwa na maksai. Mpango huo ulishindikana, kwa sababu ng'ombe walikufa kwa ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Mizigo ikabebwa kama ilivyokuwa kawaida ya njia hiyo, yaani mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi.

Msafara ulipita Mpwapwa na Ugogo hadi Unyanyembe, eneo la Tabora, ambako njia za misafara ziligawanyika kwenda Ujiji, Karagwe na kusini. Hapo misafara ilipumzika, kununua chakula na kuajiri wapagazi wapya. Magharibi ya Tabora ilikuwapo nchi ya mtemi Mirambo wa Urambo, na baada yake Uvinza na mto Malagarasi.

Hore alifika Ujiji Agosti 1878 pamoja na J. B. Thomson na Walter Hutley. Thomson alifariki mwezi uliofuata. Arthur Dodgshun, aliyekuwa amebaki nyuma na mizigo, alifika mwaka 1879 akafariki baada ya siku chache.

Calabash

Mjini Ujiji, chini ya liwali Mwinyi Kheri, Hore alipata mtumbwi mkubwa wa gogo akaugeuza kuwa chombo cha matanga. Uliongezwa mbao pembeni, mlingoti na tanga, ukaitwa Calabash, yaani Kibuyu. Mabaharia wake walikuwa watu wa ziwani na Waswahili waliotoka pwani.

Kwa chombo hicho alitembelea mwambao wa ziwa lenye urefu wa takriban km 670. Mwaka 1879 alifika mto Lukuga upande wa magharibi. Wapelelezi waliomtangulia walikuwa wametofautiana: Verney Lovett Cameron alisema mwaka 1874 kwamba maji ya ziwa hutokea hapo, lakini Henry Morton Stanley aliyefika mwaka 1876 hakuona mkondo wa kutosha. Hore alikuta maji yakitoka kwa nguvu kuelekea mto Kongo. Tofauti hiyo ilitokana na kupanda na kushuka kwa ziwa lenyewe.

Kutoka tanga hadi rafadha

Ziwa Tanganyika lina dhoruba za ghafla, na katika majira ya kiangazi pepo za kusini huvuma kwa nguvu. Chombo cha tanga kilichokwenda kusini kililazimika kusubiri upepo au kupigwa makasia, na safari moja iliweza kuchukua majuma. Kwa hiyo Hore alitaka chombo imara zaidi.

Baada ya kurudi Uingereza mwaka 1881 alipatiwa Morning Star, mashua ya chuma iliyotengenezwa kwa vipande. Vipande hivyo vilipitishwa kwenye njia ya misafara kwa mikokoteni iliyovutwa na watu, vikafika Ujiji mwaka 1883 na kuunganishwa hapo. Mashua hiyo ilikuwa ya matanga na makasia tu.

Good News ilikuwa chombo cha namna nyingine. Fedha za kuijenga zilitolewa hasa na Robert Arthington, tajiri wa mji wa Leeds. Ilikuwa na urefu wa futi 54 hivi, ikiwa na matanga pamoja na injini ya mvuke iliyozungusha rafadha. Katika chombo kidogo cha aina hiyo kila faida ina gharama yake. Boila, injini na kuni huongeza uzito na kupunguza nafasi ya mizigo. Rafadha kubwa kupita kiasi huilemea injini, na ndogo mno huzunguka bila kusukuma maji ya kutosha. Wakati wa kutumia tanga peke yake, rafadha iliyotulia huburuta maji na kupunguza mwendo. Lakini upepo unapokuwa wa mbele au unapotulia kabisa, ni injini inayokiwezesha chombo kushika njia yake.

Vipande vya Good News havikupitia Tabora, bali mito ya Zambezi na Shire, Ziwa Nyasa na barabara ya Stevenson, kwa kuwa sehemu kubwa ya njia hiyo ilikuwa ya majini. Chombo kilishushwa majini Machi 1885 huko Liendwe, kusini mwa ziwa. Mhandisi James Roxburgh alifariki mwaka huohuo kabla ya mitambo kukamilika. Kazi hiyo ilimaliziwa na Alexander Carson.

Familia na miaka ya mwisho

Mke wake, Annie Hore, alifika Ujiji mwanzoni mwa 1885 pamoja na mtoto wao Jack, akibebwa na wapagazi kwenye kiti kutoka pwani. Alisimulia safari hiyo katika kitabu kilichotolewa mwaka 1886. Familia iliishi kwenye kisiwa cha Kavala, karibu na pwani ya magharibi. Iliondoka mwaka 1888, na Jack alifariki baada ya kurudi Uingereza.

Mwaka 1892 Hore alitoa kitabu kuhusu miaka yake 11 ya Afrika ya Kati. Baadaye alirudi baharini katika meli ya misioni John Williams kwenye Bahari ya Pasifiki. Alifariki Tasmania, Australia, mwaka 1912. Mwaka huohuo reli ya kati ilifika Tabora, na mizigo iliyokuwa ikibebwa mabegani kwa miezi ikaanza kusafirishwa kwa siku chache.