Abdulrahman bin Auf (RA): Tajiri aliyeomba kuonyeshwa soko

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake, Maswahaba zake na kila atakayefuata uongofu wake mpaka Siku ya Malipo.

Ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tunayaangalia maisha ya Swahaba mtukufu Abdulrahman bin Auf (RA), mmoja wa watu kumi waliobashiriwa Pepo wangali hai. Wengi wetu tumezoea kumtaja kwa utajiri wake na ukarimu wake. Leo tumtazame kwa jambo linalotangulia utajiri, nalo ni ujuzi wa kuitawala fedha. Ujuzi huo vijana wetu wa madrasa na wa shule za sekondari wanauhitaji kabla hawajaishika fedha yenyewe.

Tumelichagua somo hili kwa kuwafikiria hasa vijana wa kusini mwa nchi yetu, kuanzia kata ya Namswea na vilima vya Umatengo wilayani Mbinga, wanakolima kahawa, hadi Lituhi, Liuli na Mbamba Bay kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, wanakoishi kwa uvuvi. Huko fedha huja kwa msimu. Kahawa huvunwa na kuuzwa kuanzia katikati ya mwaka, ilhali mahitaji ya shule hubisha hodi mwezi Januari. Kijana asiyefundishwa namna ya kuuvuka muda ulio baina ya nyakati hizo mbili, atafundishwa na wadai.

Abdulrahman bin Auf alizaliwa Makka yapata miaka kumi baada ya Mwaka wa Tembo, katika ukoo wa Banu Zuhra wa kabila la Kuraishi. Jina lake la zamani lilikuwa Abdu Amr, na Mtume (SAW) ndiye aliyempa jina la Abdulrahman. Alisilimu mwanzoni kabisa mwa ulinganio, kwa mkono wa Abubakar (RA), akiwa miongoni mwa watu wanane wa kwanza. Alipata mateso waliyoyapata wenzake, akahamia Uhabeshi, kisha mwaka 622 akahamia Madina. Aliyemjua Makka kama mfanyabiashara asingemtambua siku aliyoingia Madina, kwani mali yake aliiacha nyuma, akafika na mikono mitupu.

Huko Madina Mtume (SAW) aliwaunganisha Muhajirina na Answari kwa udugu, kila mhamiaji akapewa ndugu miongoni mwa wenyeji. Abdulrahman aliunganishwa na Saad bin Rabii (RA), aliyekuwa mmoja wa matajiri wa mji ule. Saad alimkaribisha kwa moyo mweupe, akataka kumpa nusu ya mali yake yote. Abdulrahman alimwombea dua ya baraka katika mali na jamaa zake, akakataa kwa adabu, kisha akaomba jambo moja tu: aonyeshwe lilipo soko.

Akaelekezwa soko la Banu Qainuqa. Alikwenda asubuhi, akanunua na kuuza, na jioni akarudi na samli na jibini kavu. Siku ya pili akafanya vivyo hivyo, na iliyofuata vivyo hivyo. Haukupita muda mrefu akaonekana na athari ya manukato ya harusi. Mtume (SAW) alipomuuliza, alieleza kwamba ameoa mwanamke wa Kianswari, na mahari aliyotoa ilikuwa dhahabu ya uzito wa kokwa ya tende. Akaamrishwa afanye karamu, japo kwa kuchinja kondoo mmoja.

Hebu tutulie hapa kidogo. Mtu huyu alipewa nafasi ya kupata mtaji mkubwa pasi na jasho, naye akachagua kuanza na kidogo alichokiweza. Alijua kwamba fedha ikimjia asiyejua kuizungusha huondoka, na ujuzi ukimjia asiye na fedha huileta. Na alipooa, mahari na karamu vililingana na uwezo wake wa siku ile. Hakukopa ili aonekane.

Katika biashara, Abdulrahman alijulikana kwa tabia tatu ambazo kila mwanafunzi anaweza kuzihifadhi. Ya kwanza, hakuidharau faida ndogo. Inasimuliwa kwamba aliwahi kuuza ngamia elfu moja kwa bei ileile aliyonunulia, faida yake ikawa kamba walizofungiwa tu, na kwa wingi wake kamba hizo zikawa fedha ya maana. Ya pili, alijiepusha na mauzo ya mkopo, hivyo mtaji wake haukulala mikononi mwa watu. Ya tatu, aliandika makubaliano yake. Imepokewa katika mkusanyiko wa Imamu Bukhari kwamba aliandikiana mkataba na Umayya bin Khalaf wa Makka, kila mmoja alinde mali ya mwenzake katika mji wake. Umayya alikuwa adui mkubwa wa Uislamu, lakini uadui huo haukumzuia Abdulrahman kuweka maneno katika maandishi. Sisi leo huona aibu kumwandikisha ndugu yetu deni la gunia moja, tukasahau kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani Tukufu, katika Suratul Baqara, inazungumzia kuandika deni na kuweka mashahidi. Nao wahenga walikwisha kutuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Ndugu msomaji, Madina aliyoikuta Abdulrahman ilikuwa mji wa wakulima wa tende, na wakulima wa msimu hufanana popote walipo. Watu wa Madina walikuwa na desturi ya kuuza matunda yangali machanga mtini. Ugonjwa au ukame ulipoyapiga, wauzaji na wanunuzi waligombana. Mtume (SAW) akakataza kuuza matunda kabla ya kuonekana kuiva kwake, akauliza mtu ataichukuaje mali ya nduguye ikiwa Mwenyezi Mungu ameyazuia matunda yasipatikane.

Katazo hili lina umri wa zaidi ya miaka 1,400, lakini mtu wa Mbinga akilisikia ataona linasemwa juu ya shamba lake. Wilayani humo iko biashara iitwayo magoma, ambayo ndugu zetu wa Kagera huiita butura. Mkulima aliyebanwa na shida huchukua fedha wakati kahawa ingali mbichi mtini, kwa ahadi ya kulipa kahawa wakati wa mavuno, kwa bei ya chini mno. Serikali imeipiga marufuku mara kwa mara, lakini marufuku peke yake haimtoshi mtu asiyejua kupiga hesabu ya kile anachokipoteza.

Tuipige hesabu hiyo kwa mfano, kama mwalimu angeiandika ubaoni. Tuseme mkulima amepokea shilingi 60,000 mwezi Februari kwa kahawa ambayo mwezi Julai itauzwa shilingi 150,000. Shilingi 90,000 zimemponyoka. Maana yake ni kwamba kwa kila shilingi 100 aliyoipokea, ameirudisha na kuongeza 150 juu yake, na hayo ni kwa miezi mitano tu. Ukigawanya, ni ongezeko la asilimia 30 kwa kila mwezi. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuifanya hesabu hii kwa dakika chache. Akiifanya mbele ya baba yake mwezi Februari, huenda akaiokoa kahawa ya nyumba nzima. Hesabu hiyohiyo ndiyo inayohitajika mbele ya mikopo ya mitaani na ya kwenye simu ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu.

Wala Uislamu haukumwacha mkulima mwenye shida bila mlango. Mtume (SAW) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipana fedha mapema kwa tende za mwaka mmoja, miwili au mitatu ijayo. Hakuufunga mlango huo, bali aliuwekea sharti la kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana. Muamala huo huitwa salam. Wanazuoni wakafafanua kwamba bei yote hulipwa palepale panapofungwa mkataba, na kwamba kinachouzwa ni mazao ya sifa fulani kwa kiasi fulani, si matunda ya mti fulani ambao kesho huenda usizae. Kijana akizijua tofauti hizi atajua pia maswali ya kuuliza kabla wazazi wake hawajaweka dole gumba kwenye karatasi: ni kilo ngapi, kwa bei gani, kwa tarehe ipi, na itakuwaje mvua ikikataa?

Abdulrahman hakuwa mtu wa soko pekee. Alipigana Badr, na katika vita vya Uhud alipata majeraha mengi, moja likamwachia kuchechemea maisha yake yote. Katika mwaka wa sita wa Hijra Mtume (SAW) alimpa uongozi wa msafara wa Dumatul Jandal. Katika safari ya Tabuk, mwaka 630, alitoa wakia 200 za dhahabu kuliandaa jeshi, na katika safari hiyohiyo alipata heshima ya kuwaswalisha watu huku Mtume (SAW) akiwa miongoni mwa maamuma. Wanahistoria husimulia pia kwamba aliwahi kuuza ardhi yake kwa Uthman bin Affan (RA) kwa dinari 40,000, akazigawa kwa jamaa zake wa Banu Zuhra, mafukara na wakeze Mtume.

Juu ya yote hayo, mali haikuuteka moyo wake. Siku moja aliletewa chakula cha kufuturu, akamkumbuka Mus'ab bin Umair (RA), aliyeuawa Uhud na kukosa sanda ya kumtosha; wakimfunika kichwa miguu hubaki wazi, wakifunika miguu kichwa hubaki wazi. Akalia, akaacha kula, akihofia kwamba malipo yake yametangulizwa hapa duniani. Huu ndio upande ambao masomo ya fedha huusahau. Kumfundisha kijana kuhesabu bila kumfundisha kuogopa dhuluma ni kumwandaa awe mnunuzi wa magoma badala ya mhanga wake.

Mwaka 644, Khalifa Umar (RA) alipojeruhiwa, aliwateua watu sita wamchague Khalifa miongoni mwao. Abdulrahman alijivua haki yake ya kugombea, akatumia siku na mikesha kuwauliza watu wa Madina rai zao, hadi Uthman (RA) akapewa kiapo cha utii. Mtu aliyeaminika katika mizani ya soko aliaminika pia katika mizani ya umma.

Alifariki Madina mwaka 652, sawa na mwaka wa 32 wa Hijra, akiwa na umri wa miaka ipatayo 75, akazikwa Baqii. Aliacha wosia kwamba kila aliyepigana Badr na angali hai apewe dinari 400. Walikuwa yapata watu mia, na Uthman (RA), pamoja na utajiri wake, alichukua fungu lake kwa kuona kuwa ni mali ya halali yenye baraka. Inasimuliwa kwamba vipande vya dhahabu alivyowaachia warithi vilikatwa kwa mashoka hadi mikono ya wakataji ikafanya malengelenge. Huyu ndiye yule aliyeingia Madina mikono mitupu.

Basi tufanye nini sisi tulio na watoto? Katika Suratun Nisaa tumeamrishwa tusiwakabidhi mali wasio na busara ya kuitumia, na tuwajaribu mayatima hadi wafikiapo umri wa kuoa, kisha tukiona uongofu ndani yao tuwape mali zao. Wako wanazuoni waliosema kwamba kumjaribu ni kumpa kidogo anunue na auze, walezi wakimwangalia. Hilo ni somo la fedha lililowekwa kabla ya kukabidhiwa fedha. Imepokewa pia kwamba Umar (RA) hakutaka auze sokoni mwao isipokuwa aliyeielewa dini, yaani aliyejua halali na haramu ya muamala wake.

Mtaala wa mwaka 2023 umeliweka somo la biashara miongoni mwa masomo ya lazima ya sekondari. Hatua hiyo ni njema, lakini isituachishe wajibu wetu. Mzazi wa Namswea anaweza kumpa mtoto daftari moja aandike kilo zilizokwenda kwenye chama cha ushirika, fedha zilizolipwa, na zilivyotumika. Mvuvi wa Liuli anaweza kumkabidhi mwanawe mauzo ya ndoo moja ya dagaa, jioni amwombe hesabu. Mwalimu wa madrasa anaweza kuitenga siku moja ya juma kufundisha riba, salam, deni na zaka kwa mifano ya kahawa na samaki. Na siku ya mauzo ya kahawa, familia ikae pamoja, itenge kwanza fungu la Januari, kijana akiwapo na akisikiliza. Mafunzo haya hayambagui mtu kwa dini yake. Jirani Mkristo mwenye shamba la kahawa anaumizwa na magoma yaleyale.

Tumuombe Mwenyezi Mungu awaruzuku vijana wetu elimu yenye manufaa na mali ya halali, awaepushe na madeni yanayovunja migongo, na awajaalie mikono inayojua kuchuma, kuhesabu na kutoa. Amin.