Maisha ya Georg Ohm, Mwalimu Aliyeupima Umeme

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wasomaji watakumbuka jinsi lile gari la shule la dizeli lilivyokuwa likikataa kuwaka kila lilipolala siku tatu au nne. Usiku mmoja mwenzetu wa bweni alishikwa na homa kali, ikatubidi kulisukuma gari gizani mpaka mteremkoni, ndipo likawaka. Lawama zote zilimwangukia dereva, kwamba huacha taa zikiwaka. Mzee wa watu alinyamaza tu. Betri yenyewe ilikuwa mpya. Aliyetuwezesha kulijua kosa alikufa mwaka 1854, nami napenda kueleza habari zake.

Georg Simon Ohm alizaliwa tarehe 16 Machi, 1789, katika mji wa Erlangen, Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi wa makufuli aliyejifundisha hesabu mwenyewe, akawafundisha na wanawe nyumbani. Mama alifariki Georg akiwa na umri wa miaka kumi. Mwaka 1805 aliingia Chuo Kikuu cha Erlangen, na huko (wenzangu wasifurahi sana) alipoteza wakati katika dansi, biliadi na kuteleza juu ya barafu. Baba akakasirika, akamtoa. Kijana akaenda Uswisi kufundisha hesabu, huku akisoma peke yake, na mwaka 1811 akarudi Erlangen akapata shahada ya udaktari.

Mwaka 1817 alipata kazi ya ualimu katika shule moja ya Cologne, penye vyombo vizuri vya sayansi. Hapo akaanza kupima umeme upitao katika waya. Kilichomsumbua kilikuwa betri! Betri za siku zile zilidhoofika yeye bado anapima, hata vipimo vyake vya mwaka 1825 havikumpa kanuni ya kweli. Ndipo mwanasayansi Poggendorff alipomshauri atumie joto badala ya betri. Bismuthi na shaba zikiunganishwa, kiungo kimoja kikawa katika maji yanayochemka na cha pili katika barafu, hutoa umeme mdogo usioyumba. Mwaka 1826 akafanya hivyo, na kanuni ikaonekana: mkondo ni sawa na nguvu inayousukuma, ikigawanywa kwa ukinzani wa njia.

Mwaka 1827 alitoa kitabu chake, akitumaini kupata kazi ya chuo kikuu. Wakubwa wengi wa elimu hawakukijali. Ohm akaiacha kazi ya Cologne kwa uchungu, akafundisha Berlin miaka kadhaa, mpaka mwaka 1833 alipopata nafasi katika chuo cha ufundi cha Nuremberg. Heshima ilitoka ugenini: mwaka 1841 Royal Society ya London ilimpa Nishani ya Copley. Uprofesa wa Munich aliupata mwaka 1852, miaka miwili tu kabla ya kufa. Mwaka 1881 mkutano wa mataifa uliofanyika Paris ulikipa kipimo cha ukinzani jina lake.

Basi, turudi kwenye gari. Mwalimu wetu wa fizikia alituagiza tuzime kila kitu, tufungue waya wa hasi, kisha tuunganishe amita kati ya waya huo na betri. Mshale ulisimama kwenye nusu ampea. Tukapiga hesabu ya Ohm: volti 12 kugawanywa kwa 0.5 ni ohm 24, yaani taa ndogo ya wati 6. Kwa siku tatu hupotea ampea-saa 36, karibu nusu ya betri yetu ya 70, na injini ya dizeli ni nzito kuzungushwa. Tukachomoa fyuzi moja moja, hata moja ilipotoka mshale ukarudi sifuri. Fyuzi hiyo ilikuwa ya taa iliyo chini ya boneti. Kila aliyefungua boneti aliiona ikiwaka, kama ipasavyo, asiitilie shaka. Tulipobonyeza swichi yake kwa kidole, haikuzimika.

Swichi imekwisha badilishwa. Walimu wawili walikwenda kumwomba radhi dereva.