Bibi Salme: Mapenzi, fitina na kasri la baba lililomfungia mlango

Jumba lenye laana, msichana aliyependa pasipotakiwa na ndugu wasiosameheana. Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni riwaya. Zanzibar mambo hayo yalitokea kweli, tena ndani ya familia ya Sultani. Aliyeyapitia ni Sayyida Salme binti Said, anayejulikana pia kwa jina la Emily Ruete.

Salme alizaliwa Agosti 30, 1844 katika kasri la Mtoni, ufukweni kaskazini mwa mji wa Zanzibar. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria aliyetekwa akiwa mtoto huko Kaukazi.

Kasri lilikuwa na watu kibao: masuria, watumwa na makumi ya watoto wa baba mmoja na mama tofauti. Utajiri wake ulitoka kwenye karafuu na biashara ya watumwa. Baba akiwa hai, wote walimwogopa na amani ilikuwepo.

Kalamu iliyomponza

Watoto wa kike walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hapana. Salme akajifunza mwenyewe kwa kificho, akinakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia.

Oktoba 1856 Sayyid Said akafia baharini akirudi kutoka Oman. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Thuwain alichukua Oman, Majid akachukua Zanzibar, na ndugu yao Barghash hakuridhika. Hakukuwa na kanuni inayoeleweka ya nani arithi, kwa hiyo kila mwenye nguvu alijiona ana haki.

Mwaka 1859 Salme alifiwa na mama yake kwa kipindupindu. Mwaka huohuo dada yake, Bi Khole, akamvuta kwenye njama ya kumpindua Majid. Binti wa miaka 15 akawa karani wa waasi, kwa sababu tu alijua kuandika.

Njama ikagundulika na nyumba ya Barghash ikazingirwa. Dada zake wakamtorosha usiku akiwa amejifunika kama mwanamke. Haikusaidia. Waasi walishindwa na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay.

Salme akabaki katikati. Ndugu wa upande wa Majid walimsusia. Baadaye Majid akamsamehe, naye akakubali kuiachia nyumba yake ya Bububu ili akae balozi wa Uingereza. Kumbe kwa kupatana na Majid amejitia kitanzi kwa Barghash na Khole.

Jirani wa ghorofani

Akahamia mjini. Nyumba ya jirani aliishi mfanyabiashara kijana wa Kijerumani kutoka Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Mapaa yao yalitazamana. Wakazoeana, wakapendana, na Salme akapata mimba.

Binti wa Sultani, Muislamu, kubeba mimba ya Mkristo nje ya ndoa halikuwa jambo dogo. Lingeweza kumgharimu maisha. Usiku wa Agosti 24, 1866 akapanda meli ya kivita ya Kiingereza, Highflyer, akaenda Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume ambaye hakuishi muda mrefu. Mei 30, 1867 akabatizwa Emily, na siku hiyohiyo akafunga ndoa na Ruete.

Wakaishi Hamburg na kupata watoto watatu. Agosti 1870 Ruete akafa kwa ajali ya tramu. Oktoba mwaka huo Majid naye akafariki, na aliyekaa kwenye kiti ni Barghash, yuleyule ambaye Salme alimwandikia barua za uasi.

Salme akiwa mjane ugenini aliomba urithi wake na msamaha. Barghash alikataa vyote. Kwake, dada huyo alikuwa ameritadi na kuiaibisha nyumba.

Kutoka Mtoni hadi Kilimanjaro

Mwaka 1885 ugomvi wa kifamilia ukageuka siasa za mataifa. Ujerumani ilikuwa inatafuta ardhi Afrika Mashariki, na Barghash alikuwa kikwazo. Mwaka huo Jenerali Lloyd Mathews alipanda Kilimanjaro kwa niaba ya Barghash, akakusanya ahadi za utii kutoka kwa wamangi. Haukupita muda, Mjerumani Karl Jühlke akafika Moshi na kuandikiana mkataba na Mangi Mandara.

Agosti, manowari za Kijerumani zikatia nanga Zanzibar. Nyuma yao akaletwa Salme. Kwa Bismarck, madai ya mjane huyo yalikuwa fimbo ya kumtishia Sultani. Barghash alipokubali matakwa ya Wajerumani, fimbo ikawekwa chini. Miteremko ya mlima, kuanzia Masama hadi Rombo, ikaishia mikononi mwa Wajerumani. Salme akarudi mikono mitupu, bila hata kuonana na kaka yake.

Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu za maisha yake. Mwaka 1888 akarudi tena Zanzibar. Barghash alikuwa ameshafariki, lakini kaka mwingine, Khalifa, naye hakumfungulia.

Aliishi miaka mingi Beirut, kisha akarudi Ujerumani. Uzeeni ndipo serikali ya Zanzibar ilipompa pensheni ndogo. Alifariki Jena, Februari 29, 1924, na akazikwa Hamburg kando ya mumewe. Katika vitu vyake kulikuwa na kifuko cha mchanga wa ufukwe wa Zanzibar. Mchanga huo ukazikwa naye.

Nyumba yenyewe je? Agosti 25, 1896 Khalid, mtoto wa Barghash, alijitangaza Sultani. Waingereza wakayapiga mizinga majumba ya kifalme mjini, na kabla ya saa moja kuisha vita ilikuwa imekwisha. Mamia walikufa au kujeruhiwa. Chanzo kilikuwa kilekile cha mwaka 1856: nani arithi.

Kasri la Mtoni leo ni magofu. Magofu kama hayo watu huwa wanayapa majini. Lakini kilichoitafuna nyumba ya Sayyid Said hakikuwa jini. Ni urithi usio na utaratibu, na ndugu walioona heri kufa na kinyongo kuliko kumfungulia dada yao mlango.