Abu Rayhan Al-Biruni: Mwanachuoni Aliyetazama Kabla ya Kuhukumu

Tumezoea kuwasomea vijana wetu sifa za wanavyuoni wa fiqhi, tafsiri na hadithi, na hilo ni jambo jema. Lakini wako wengine katika waliotutangulia ambao kazi yao ilikuwa kuwachunguza wanadamu wenyewe: namna wanavyoishi, wanavyoabudu, wanavyokula na wanavyohesabu siku zao. Nao walifanya hivyo kwa macho na masikio yao, si kwa uvumi. Mbora wao katika kazi hii ni Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad Al-Biruni, Mwenyezi Mungu amrehemu. Maisha yake yatufaa sana sisi watu wa Pwani, kwani twakaa mji mmoja na watu wa dini na kabila nyingi, na pengine twakaa nao umri mzima tusijue habari zao ila zile tulizozisikia barazani.

Al-Biruni alizaliwa mwezi 3 Mfungo Tatu mwaka 362 wa Hijra, sawa na 4 Septemba 973, kiungani mwa mji wa Kath katika nchi ya Khwarazm, ambayo leo imo Uzbekistan. Alisomeshwa hisabu na elimu ya nyota na Abu Nasr Mansur, mtu wa ukoo wa kifalme aliyekuwa bingwa wa elimu hizo. Mwaka 995 ikazuka vita baina ya watawala wa nchi ile, na ukoo uliokuwa ukimlea ukapinduliwa. Al-Biruni akauhama mji wake, akawa mtu wa kutangatanga baina ya miji ya Waajemi. Hata hivyo hakuacha kuchunguza. Mwaka 997 mwezi ulipopatwa, yeye alikuwa Kath, na mwanachuoni Abul Wafa yuko Baghdad. Walikuwa wameagana kila mmoja aangalie saa ya tukio lile mahali alipo, ili kwa tofauti ya saa zao wapate kujua umbali wa miji miwili upande wa mashariki na magharibi.

Hiyo ilikuwa ni kuzitazama nyota. Alipofika Gurgan kwa mtawala Qabus, aliugeuza uchunguzi wake kwa wanadamu. Huko, kiasi cha mwaka 1000, alitunga kitabu chake Al-Athar Al-Baqiya, akieleza miaka, miezi na sikukuu za mataifa: Waajemi, Wasoghdi, watu wa Khwarazm, Mayahudi, Wanasara, Masabii na Waarabu wa zama za ujahili. Hakuridhika kuandika yaliyosemwa na maadui wa watu hao. Alitafuta maneno ya wenyewe, akalinganisha habari hii na hii, na isiyokubaliana na hisabu akaiweka kando.

Baadaye alirudi kwao, akawa mshauri wa Mamun, mtawala wa Khwarazm. Mwaka 1017 Mamun akauawa, na Sultani Mahmud wa Ghazna akaiteka nchi. Wanavyuoni wakachukuliwa pamoja na ngawira mpaka Ghazna, na Al-Biruni akiwa miongoni mwao, naye amekwisha kupita miaka arobaini. Mtu mwingine angalikaa akiulilia msiba wake. Yeye alitazama akaona kuwa majeshi ya Sultani huingia Bara Hindi mara kwa mara, na kwamba mlango uliofunguliwa na upanga waweza kupitiwa na mwanafunzi pia. Basi akaingia Punjab, si kwa kutafuta dhahabu, bali kutafuta elimu.

Kwanza alijifunza Kisanskriti, lugha ya vitabu vya Wahindu, ilhali umri wake ni ule ambao wengi wetu husema kuwa kusoma kumetupita. Alieleza mwenyewe taabu yake: kitu kimoja kina majina mengi, na neno moja lina maana nyingi, sauti nyingine haziandikiki kwa herufi za Kiarabu, na wanakili wao hawakuwa waangalifu. Akanunua vitabu kwa kila alichoweza, akawatafuta wajuzi wao hata mahali pa mbali. Mbele ya wanajimu wao alikaa kama mwanafunzi mbele ya mwalimu wake, kwa kuwa alikuwa mgeni. Alipokwisha kuizoea njia yao akaanza kuwaonyesha dalili za hisabu, nao wakastaajabu, wakamwuliza ni mwalimu gani wa Kihindi aliyemfunza, na wengine wakamdhania mchawi.

Kitabu chake kikubwa juu ya Bara Hindi, chenye milango 80, alikitimiza karibu na mwaka 1030, mwaka aliokufa Sultani Mahmud. Sababu ya kukitunga yastahili kukumbukwa. Alikuwa akizungumza na Abu Sahl wa Tiflis, naye Abu Sahl akalalamika juu ya mtunzi mmoja aliyewasingizia Mu'tazila neno ambalo wao hawalisemi. Wakaona kuwa hiyo ndiyo tabia ya wengi waandikapo habari za mahasimu wao. Na ikiwa Waislamu hudhulumiana hivi wao kwa wao, basi habari za Wahindu zina hali gani? Vitabu vilivyokuwako vilinakiliana tu, mmoja akichukua kwa mwenziwe, pasi na mtu kwenda kuangalia. Abu Sahl ndipo akamtaka aandike anayoyajua.

Mwanzo wa kitabu aliweka msingi wa kazi yake. Alisema kuwa kusikia si kama kuona. Lakini jicho nalo lina mpaka wake, kwani haliyaoni ila yaliyopo mbele yake kwa wakati wake. Kwa hiyo hatuna budi kuzitegemea habari pia, na kila habari yataka kupimwa kwa kumtazama mwenye kuileta. Yuko asemaye uwongo kwa manufaa yake, au kwa kulipenda kundi lake, au kwa kulichukia kundi jingine. Yuko mwenye hofu au tamaa. Yuko ambaye uwongo ni tabia yake. Na yuko asiyekusudia ubaya wowote, ila amepokea kwa wajinga akapeleka mbele. Huu ni mlango ule ule tuliofunguliwa katika Suratul Hujurat, tulipoamrishwa kuipeleleza habari ya fasiki tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta.

Akaeleza kuwa hakukiandika kitabu kile kwa ajili ya kugombana. Atayaleta maneno ya Wahindu kama walivyo nayo, hata yakiwa ni kinyume cha haki. Na hakuwa kwa hayo amelegea katika dini yake. Aliwaambia wasomaji waziwazi kuwa Waislamu huwaona watu wote sawa ila kwa ucha Mungu, na kwamba matabaka ya Wahindu ndiyo kizuizi kikubwa baina yetu na wao. Lakini hakuificha aibu ya upande wetu pia. Alitaja kuwa vita vya Mahmud viliiharibu nchi ile na kuwatawanya wenyewe, vikawaachia chuki kubwa juu ya Waislamu, na elimu zao zikahamia mbali na mahali tulipopateka. Naye aliyaandika haya akiwa Ghazna, mji wa Mahmud mwenyewe.

Tutazame mifano miwili. Juu ya ng'ombe, hakutosheka kusema kuwa Wahindu hawamli. Alitafuta sababu, akaona kuwa ng'ombe ndiye achukuaye mizigo yao, alimaye mashamba yao na awapaye maziwa; akakumbusha kuwa hata Hajjaj alikataza kuchinjwa ng'ombe huko Iraki watu waliposhitaki kuwa nchi inaharibika. Na juu ya masanamu, alipambanua baina ya wasomi wao, ambao humtaja Mungu Mmoja asiyefanana na kitu, na watu wa kawaida ambao nyoyo zao hutaka kitu cha kuonekana kwa macho. Kisha akatutahadharisha sisi: akasema kuwa lau mtu wa kwetu asiye na elimu angalionyeshwa picha ya Mtume, rehema na amani zimshukie, au ya Makka na Al-Kaaba, furaha yake ingempeleka kuibusu na kujigaragaza mbele yake, kana kwamba amekiona chenyewe. Maradhi aliyoyaona kwa jirani alijua kuwa mbegu yake imo katika kila nafsi.

Baada ya hapo alimtungia Sultani Mas'ud, mwana wa Mahmud, kitabu kikubwa cha elimu ya nyota. Imepokewa kuwa Sultani alimpelekea mzigo wa ndovu wa fedha, naye akaurudisha, akasema hana haja nao. Alikufa Ghazna kiasi cha mwaka 440 wa Hijra, yaani 1048. Imepokewa pia kuwa katika saa yake ya mwisho alizuriwa na mwanachuoni wa fiqhi, akamwuliza juu ya mas'ala ya mirathi ya bibi wa upande wa mama. Yule mgeni akamwonea huruma kuulizwa jambo kama hilo katika hali ile. Al-Biruni akamjibu kuwa ni bora auache ulimwengu akiijua mas'ala ile kuliko kuuacha asiijue. Basi akaelezwa, naye akayarudia mpaka akayahifadhi. Mgeni alipotoka, hakufika mbali ila alisikia kilio.

Kitabu chake cha Bara Hindi kilipigwa chapa kwa Kiarabu mjini London mwaka 1887 na Mjerumani Edward Sachau, na mwaka uliofuata kikatoka kwa Kiingereza. Wasomi wa Ulaya wakastaajabu kuona Mwislamu wa zaidi ya miaka mia nane nyuma aliitambua njia ambayo wao waliihesabu kuwa ni mpya: kujifunza lugha ya watu, kukaa nao, kuwauliza wenyewe, kulinganisha, kisha ndipo kuandika.

Ndugu zangu, anayetaka kuwatengeneza watu ni kama tabibu. Tabibu asiyemtazama mgonjwa, akampa dawa kwa maneno ya mpita njia, huua. Ukitaka kusema juu ya Baniani mwenye duka jirani nawe, au juu ya Mwislamu mwenzio aswaliye msikiti usiokuwa wako, au juu ya ada za wazee wetu katika khitima na ziara zao, nenda kwanza ukaone, uulize wenyewe wanakusudia nini, utenge wafanyalo wajuzi na wafanyalo wajinga. Ukikuta batili, ikataze, nawe utasikilizwa kwa kuwa watajua unalijua ulisemalo. Na ukikuta kuwa ulilosikia halikuwa kweli, utakuwa umeuokoa ulimi wako na dhulma.

Wabillahi tawfiq.