Forssmann: Daktari aliyejipenyeza mpira hadi moyoni

Juni 1, 1979, siku ambazo wazazi wetu wa Koboko na Arua walikuwa wakivuka mpaka kuingia Zaire na Sudan, daktari Werner Forssmann alifariki huko Ujerumani kwa ugonjwa wa moyo. Msomaji, ikiwa umempeleka mgonjwa Taasisi ya Moyo pale Mulago akaambiwa atapitishiwa mpira kwenye mshipa hadi moyoni, basi umekutana na kazi ya mtu huyu.

Alizaliwa Berlin mwaka 1904. Baba yake aliuawa vitani, akalelewa na mama na bibi. Mwaka 1929, akiwa daktari mchanga mjini Eberswalde, alitaka kuufikia moyo bila kupasua kifua. Mkuu wake alikataa. Akamshawishi nesi Gerda Ditzen, mtunza vifaa, naye akakubali afanyiwe yeye. Forssmann alimfunga mezani, kumbe mpira anajipenyeza mwenyewe mkono wa kushoto! Ulikuwa mpira wa njia ya mkojo, urefu sentimita 65. Akateremka kwa miguu hadi chumba cha eksirei. Ncha ilionekana katika chumba cha juu cha moyo, upande wa kulia. Valvu haikuivuka, kwa kuwa mpira uliishia hapo.

Hapo kwenye valvu tutue kidogo. Miaka ya 1980, yeye akiwa kaburini, madaktari walianza kutumia ncha ya mpira kuunguza sehemu ndogo zinazovuruga mapigo ya moyo. Wengi hupata nafuu. Lakini mara chache ncha hunasa kwenye nyuzi za valvu au kuichana, damu ikarudi nyuma, na mgonjwa akahitaji upasuaji. Vijidudu navyo huweza kuishambulia valvu. Aliyefanyiwa hivyo akianza kuhema, kushindwa kulala chali, kuvimba miguu au kupata homa, asiishie kwenye dawa za malaria za sokoni. Arudi hospitali, aeleze alichofanyiwa, apimwe eko. Sisi tuliosomea uhamishoni tulizoea kuita kila homa malaria.

Forssmann alidharauliwa, akapoteza kazi Berlin, akageukia magonjwa ya njia ya mkojo. Mwaka 1932 alijiunga na chama cha Nazi, doa ambalo mimi siwezi kuliruka. Huko Marekani, Cournand na Richards waliiendeleza njia yake, na mwaka 1956 watatu hao wakagawana Tuzo ya Nobel. Habari ilimkuta Bad Kreuznach, akitibu figo na vibofu.