Lawrence, pikipiki na kofia ngumu

KOFIA ngumu anayotakiwa kuvaa mhudumu wa bodaboda wa Rongo, Migori, au Oyugis, Homa Bay, ina historia inayopitia kifo cha T.E. Lawrence.

Alizaliwa Wales mnamo 1888, akapata sifa kwa kupigana pamoja na Waarabu walioasi utawala wa Uturuki kati ya 1916 na 1918. Baadaye aliukimbia umaarufu huo, akajiunga na jeshi la wanahewa kama askari wa kawaida, tena kwa jina bandia.

Mnamo 1922 alinunua Brough Superior yake ya kwanza. Alimiliki saba, ya nane ilikuwa ikiundwa alipofariki. Siku hizi wakusanyaji wa pikipiki kuukuu huzigombea kwa mamilioni ya shilingi.

Mei 13, 1935, huko Dorset, aliwakwepa wavulana wawili wa baiskeli, akaanguka. Hakuwa amevaa kofia. Alifariki siku sita baadaye, akiwa na umri wa miaka 46.

Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo aliyeitwa kumhudumia, alichunguza majeraha ya waendesha pikipiki, na matokeo aliyochapisha mnamo 1941 yakachangia jeshi la Uingereza kuwalazimisha matarishi wake kuvaa kofia. Sheria ya Kenya inamtaka hata abiria avae, ingawa wengi bado hupanda kichwa wazi.